Mama Vifundo na Watu Wake wa Ukutani

Mama mkwe wangu alikuwa fundi wa kushona, na mtaa mzima ulimwita Mama Vifundo. Wajukuu wakilisikia jina hilo leo hudhani alikuwa mtu wa kununa, wa kuweka vifundo moyoni. Sivyo hata kidogo. Vifundo vyake vilikuwa vya kamba, na vilikaa ukutani, mahali ambapo kila aliyeingia aliviona.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, mlango wake unafungukia barabarani. Kushoto ilikuwapo cherehani ya miguu, nyeusi, kanyagio lake limelika upande wa kulia kwa sababu mguu wake wa kulia ndio uliokuwa mchapakazi. Kulia ilikuwapo meza ya kukatia. Mume wangu alipokuwa mdogo alilazwa juu ya meza ile, na mpaka anaanza shule miguu yake ilikuwa haijafika mwisho wake. Na mbele yako, ukuta mzima, misumari safu kwa safu, na kwenye kila msumari inaning'inia kamba moja nyembamba.

Mama hakujua kusoma wala kuandika. Futi ya fundi alikuwa nayo, ile laini ya kuviringisha, na aliivaa shingoni kama mafundi wote, lakini kwake lilikuwa pambo. "Huu mkufu wangu wa kazi," alisema. Kupima alipima kwa kamba. Mteja akija mara ya kwanza, Mama alikata kamba, akaishika ncha moja, akampima bega na kufunga kifundo kimoja. Mkono, kifundo kimoja chenye kitanzi. Kifua, vifundo viwili. Kiuno, viwili vilivyobanana kama mapacha. Hivyo hivyo mpaka urefu wa nguo. Akimaliza kuishona nguo ya kwanza ya mtu huyo, alichukua kipande cha kitambaa chake, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akakifunga mwisho wa kamba. Hicho ndicho kilikuwa jina.

Siku ya kukata alitandaza kitambaa, akalaza kamba juu yake, akapitisha chaki. Sijawahi kumwona akikosea. Alimjua aliyenenepa na aliyekonda, na mimba za mtaa ule alizijua kabla ya waume. Akikaa kwenye kiti chake akautazama ukuta, alisema, "Watu wangu wote wapo."

Mimi nilikuja pale nikiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Shule ya msingi nilikuwa nimeimaliza yote, na cheti changu nilikuja nacho ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya nguo zangu nzuri, kama watu wengine wanavyokuja na vyombo. Sitajificha nyuma ya unyenyekevu wa uongo: nilijiona. Katika nyumba ile nilikuwa wa pili kujua kusoma baada ya mume wangu, na yeye, fundi baiskeli, alisoma maandishi ya kwenye makopo ya grisi tu.

Wiki ya tatu Mama akaitwa kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa. Alikaa siku tano. Nikajiambia, mkwe mwema haonekani kwa maneno, huonekana kwa kazi. Nikaingia chumba cha mbele na ufagio.

Jamani, ukuta ule ulikuwa na vumbi! Kamba zimekuwa rangi ya udongo, nyingine zimeliwa na mende. Nikazishusha zote. Nikaona vifundo, nikasema moyoni, masikini Mama, kamba zake zimefungamana na hana wa kumsaidia. Nikachukua sindano ya kushonea magunia nikaanza kufungua. Siku mbili nzima. Vidole vilivimba. Vifundo vingine vilikuwa na umri kunipita, vimekaza kama jiwe, lakini sikukata hata kimoja, maana kukata ni uvivu. Nilipomaliza nikazifua kamba kwa sabuni, nikazianika, nikaziviringisha zikawa donge moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Misumari nikaing'oa, nikaipanga kwenye kopo kwa ukubwa wake. Ukuta nikaupaka chokaa. Na vile vipande vya vitambaa, kwa kuwa nilikuwa na mapenzi, nikaviunga kimoja kimoja nikamshonea mto wa kukalia.

Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaugua.

Mama alirudi saa nane mchana. Alisimama mlangoni na kifurushi kichwani, hakukishusha.

"Kamba zangu?"

"Nimezifua, Mama. Hizi hapa." Nikampa lile donge kwa mikono miwili.

Akalishika. Akaligeuza. "Umezifungua?"

"Zote, Mama! Zilikuwa mia moja na kumi na saba. Nilizihesabu."

"Umewahesabu," akasema.

Sikuelewa. Nikampisha aketi, nikamwonyesha mto. Ndipo aliposhusha kifurushi, akauchukua mto ule akauweka mapajani, akaanza kuugusa kipande kwa kipande. "Huyu mwalimu mkuu. Huyu mwokaji mikate, wakati ule akiwa bado mwembamba. Huyu mke wa seremala, gauni alilovaa siku ya kuposwa. Huyu amekufa. Huyu naye amekufa, lakini binti yake alichukua mwili uleule, nilikuwa namkatia kwa kamba ya mama yake."

Alienda hivyo mpaka pembeni mwa mto. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Mimi nina kiburi, sikulia mbele yake. Nililia jikoni, na nikasingizia kuni.

Siku tatu hakunisemesha zaidi ya chumvi na maji. Siku ya nne nikasikia, "Msomi! Njoo."

Hilo ndilo likawa jina langu katika nyumba ile, na halikuwa sifa.

"Si unajua kuandika? Basi utaandika. Watu waje wapimwe upya."

Wakaja. Mtaa ulikuwa umeshasikia, na mtaa ukisikia hauna huruma. Muuza mkaa, mwanaume wa kitambi na kicheko, aliingia ameshika kiuno. "Mama Vifundo, naambiwa mkwe wako ametufungua wote. Ndiyo maana jana suruali ilinivuka njiani!"

"Ilikuvuka kwa sababu hukuifunga," Mama akamjibu. "Nyoosha mikono."

Yeye alipima kwa ile futi aliyokuwa akiivaa tu, akaweka ukucha mahali ilipofika, mimi nikasoma tarakimu na kuandika kwenye daftari. Jina, bega, mkono, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kila mtu ukurasa wake. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hata leo ni mzuri. Watu wakachungulia wakasema, "Aa, sasa mambo ya kisasa." Nami nikaona kwamba kumbe kosa langu limegeuka kuwa baraka, na Mama akitulia atanishukuru.

Hakunishukuru, na ilinichukua miezi kujua kwa nini.

Zamani mteja akiingia, Mama alinyoosha mkono ukutani bila hata kugeuka, kamba inakuja. Sasa mteja akiingia, Mama aligeukia mlango wa ndani akaita, "Msomi!" Mimi niko kwenye maji, naacha maji. Niko na unga mikononi, napangusa. "Msomi, huyu bega lake ngapi?" Nasoma, naondoka. Sijafika jikoni: "Msomi! Na kiuno?" Siku moja nilihesabu kuitwa mara kumi na nane. Alijaribu kurudia kamba, alifunga kama ishirini hivi, lakini umri ulikuwa umepita kwenye vidole vyake; kifundo alichokaza asubuhi jioni kilikuwa kimelegea, na vile vya mapacha havikupacha tena. Akaziacha.

Nami, niseme ukweli, nilipenda kuitwa. Nilikuwa natoka jikoni polepole, wateja wananitazama, nafungua daftari kama hakimu.

Basi mwaka ule ule akaja afisa wa elimu ya watu wazima. Alikuwa mwembamba, ana baiskeli, na mfuko wa kalamu kifuani uliojaa kuliko mfuko wa chakula. Aliita mkutano, akasema darasa moja la shule ya msingi liko wazi watoto wakishatoka, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Atakayefundisha achaguliwe na watu wenyewe. Ila zipatikane kwanza nafsi ishirini za kujiandikisha, ndani ya wiki mbili. Zisipopatikana, chumba kitawekwa madawati mabovu.

Wakanichagua mimi. Nani mwingine? Nikaanza kupita mlango kwa mlango na karatasi yangu.

Nilidhani watu watanikimbilia. Kumbe aibu ni mlango mzito kuliko wa chuma. Seremala alisema ana kazi, akaendelea kuupiga randa ubao ambao ulikwisha kulainika. Mke wake akasema, "Nikijua kusoma nitasoma nini, paji la uso wake?" Mwokaji mikate akaniambia, "Binti yangu, samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka, ukinikunja navunjika." Muuza mkaa akaniuliza swali ambalo wote waliniuliza, yeye tu aliliuliza waziwazi:

"Mama Vifundo yumo?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Kila nilikokwenda, yumo? Hayumo. Kama fundi aliyepima mtaa mzima haoni haja, nani aione? Wiki ya kwanza ikaisha na majina saba.

Nikamkabili. Alikuwa anapiga pasi kola, nikasimama kando ya meza. "Mama, watu wanakungoja wewe."

"Waambie wasingoje, watakaukia barabarani."

"Mama, ni muda wa saa mbili tu kila jioni. Utakaa mbele, nitakuwekea kiti kizuri."

Akaweka pasi wima. "Nikae mbele yako, uniambie rudia? Nikipata unipigie makofi kama mtoto aliyejisaidia chooni mwenyewe?"

"Sitakupigia makofi."

"Na nikikosa utanipigia nini?"

Akachukua pasi, akaiona imepoa, akairudisha. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyechoka. "Wewe unadhani nakasirikia kamba. Kamba ni kamba. Miaka thelathini na mbili mtu akiingia hapa nilikuwa nampokea mimi na kumjibu mimi. Sasa nakuita wewe. Kazi yangu mwenyewe, naomba ruhusa jikoni. Halafu unataka nikaombe tena shuleni, watu wote wakiona?"

Nilitoka pale nikiwa nimefumbuka macho, maana mpaka siku ile sikujua kwamba kila nilipotoka jikoni polepole na daftari langu, nilikuwa namchukulia kitu.

Siku mbili baadaye nikaugua. Nilitapika mpaka nyongo, kichwa kikawa kama kinu. Nililala chumba cha ndani, ukuta mmoja tu na chumba cha kazi, na nilisikia kila kitu. Mteja wa kwanza akaingia, mwanamke mwenye haraka. Nikamsikia Mama akifunua daftari. Kurasa zinapinduka. Zinapinduka tena. Nikajaribu kuinuka, miguu ikakataa.

"Njoo keshokutwa, mwanangu," Mama akasema. "Fundi anaumwa."

Mwanamke akacheka. "Si huyu fundi namwona hapa!"

"Fundi anaumwa," Mama akarudia.

Aliyekuwa anaumwa ni mimi. Yeye alikuwa mzima, mikono yake mizima, cherehani yake ina mafuta. Na siku ile na ya pili yake aliwarudisha watu saba kwa maneno hayo hayo. Mimi nikawa natazama dari nikitamani ile chokaa ya ukutani initoke mikononi.

Jumatano asubuhi aliingia na uji. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akavua futi shingoni, akaitandaza juu ya shuka. Akaenda akafunga mlango.

"Nifundishe hizi. Hizi tu. Humu ndani."

Nikaweka kidole kwenye moja. Lakini Mama hakuanza na moja kama watoto. Aliipima futi kwa mkono wake, akasimama mahali. "Hapa ni bega la mwalimu mkuu. Panaitwaje?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba." Akaitazama ile alama kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. "Na hapa, muuza mkaa kiunoni."

"Arobaini na mbili."

"Kumbe ndiyo sura yake hiyo. Imekaa kama yeye, ina tumbo."

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Kila tarakimu ilikuwa na mtu wake. Ishirini na tatu ulikuwa mkono wa mke wa seremala, thelathini na nane ni kifua cha mwokaji. Kufika mchana alikuwa anasoma futi nzima, mbele na nyuma, na ishara za daftari anazioanisha na watu. Mimi nilisoma shule miaka saba na sikuwahi kuona mtu akijifunza vile. Kisha akanizungushia futi kiunoni kama mchezo tu.

"Ulipokuja ilikuwa ngapi? Soma kwenye daftari."

"Ishirini na sita, Mama."

"Leo isome wewe."

Nikaisoma. Nikaisoma tena. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya kamba. "Ile homa yako ina miguu miwili, Msomi. Kunywa uji."

Zilikuwa zimebaki siku mbili za zile wiki mbili, na ilikuwa wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Mafundi wanaijua wiki hiyo. Kila mzazi anataka sare, na kila mtu aliyechelewa anataka aliyewahi asubiri. Mama akaweka meza ndogo barazani, juu yake daftari na kalamu. Muuza mkaa alikuwa wa kwanza, amekuja na kitambaa cha suruali.

Mama akampima. Akainama, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, akaandika. Ilimchukua muda. Ulimi ulimtoka pembeni mwa mdomo, na ile nne ilianguka kidogo kama mlevi, lakini ilikuwa arobaini na mbili.

Watu wa foleni wakarefusha shingo.

"Mama Vifundo," muuza mkaa akasema, "umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Hii ya juzi. Sasa jina lako sijui kuliandika, bado sijafika huko. Andika mwenyewe."

"Mimi? Mimi nijue wapi?"

"Basi nenda kwa mkwe wangu pale, utie kidole kwenye karatasi yake, uahidi kufundishwa. Ukisharudi nakata kitambaa. Mtu mwenye kitambi cha inchi arobaini na mbili hawezi kukosa nafasi ya herufi tano."

Watu wakaangua kicheko. Muuza mkaa naye akacheka, kisha akaona Mama hacheki. Mkasi ulikuwa umefungwa, umelala juu ya kitambaa chake.

"Unanitania."

"Nguo haikatwi mpaka mwenye mwili aahidi kujiandika. Anayefuata!"

Mwokaji mikate akaleta tena methali yake ya samaki. Mama akamwambia, "Samaki mkavu akilowekwa hulainika, na ndiye mtamu kwenye mchuzi. Tia kidole." Mke wa seremala akatia kidole, akarudi akamleta na mumewe. Wapo waliokasirika wakachukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, na Mama aliwatazama wakiondoka. Nilijua ilimuuma. Walikuwa watu wake.

Siku ya mwisho afisa akaja na baiskeli yake, akaiegemeza, akahesabu. Akahesabu mara ya pili kwa kalamu.

"Kumi na saba," akasema. "Sheria ni ishirini."

"Umwongeze na mama mkwe wangu," nikasema.

"Ndiye wa kumi na saba, dada. Yumo humu."

Sikuwa nimejua. Alikuwa ametia kidole chake na kuandikiwa jina na mume wangu nilipokwenda kuteka maji, akakiweka chini kabisa ya karatasi ambapo wino ulikuwa hafifu.

Muuza mkaa akaanza kubisha, mwokaji akabisha zaidi, akisema si haki, yeye ameshalowekwa. Afisa alikuwa mtu mwema, ila mwema wa karatasi. Chumba hakipatikani, basi. Watu wakaanza kuokota vitu vyao. Nikaona kabisa namna itakavyokuwa: wataenda nyumbani, kesho watasema walijaribu, na mwakani nikipita na karatasi hakuna atakayefungua mlango.

Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, anamalizia pindo. Hakusimama.

"Baba, nikuulize," akamwambia afisa. "Hawa kumi na saba wanahitaji chumba cha ukubwa gani?"

"Mama, si suala la ukubwa…"

"Ni suala la ukubwa. Nimewapima wote, upana wao naujua." Akawatazama mmoja mmoja, midomo ikichezacheza. "Huyu wa mkaa nafasi mbili. Wawili hawa wembamba benchi moja. Meza yangu ya kukatia wanakaa sita, watatu huku watatu kule. Cherehani nasogeza pembeni. Wataenea. Wewe tuletee vitabu tu. Au vitabu navyo vina sheria ya ishirini?"

Afisa akavua kofia, akajikuna. "Vitabu havina," akasema.

Na vitabu alileta.

Darasa letu lilidumu chumbani mle miaka kumi na moja. Nikikumbuka, kinachonijia kwanza ni harufu: mafuta ya cherehani, kitambaa kipya, makaa ya pasi, na jasho la watu waliotoka kazini. Ule ukuta wangu wa chokaa tuliupaka rangi nyeusi, na mara nyingi tuliandikia kwa chaki bapa ya fundi. Watu walifika na vumbi la randa nyweleni, na unga kwenye nyusi, na mtu akikosa herufi mwingine alimtania, "Ifumue, uishone upya." Niliwafundisha watu wenye umri wa baba zangu, na nikawaambia rudia, nao wakarudia. Mama aliketi mstari wa nyuma. Akitaka kuuliza alinyoosha mkono na kuniita "Mwalimu". Saa kumi na mbili ikigonga, akiwa bado hajainuka kitini, ni "Msomi, chakula kiko wapi?" Siku ya kwanza alipoisoma sentensi nzima, sikupiga makofi. Nilikuwa nimeahidi. Ilibidi nikalie mikono yangu.

Leo wengi wao wametangulia, na Mama naye amepumzika. Nyumba ile amepanga mtu anayeuza simu. Nikipita nje huwa natazama ndani, na vijana wa dukani hudhani bibi anataka kununua vocha.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni nyingine. Nilikuwa nimejifungua, mtoto ana siku tisa. Nimelala chumba cha ndani, ananyonya. Nikasikia hatua nzito barazani, na sauti ya muuza mkaa. Amekuja kuchukua suruali, na ameanza vita.

"Mama Vifundo, hii inabana! Umenipunja kitambaa!"

Nikajiweka tayari. Nikamwondoa mtoto titini, nikatafuta kanga yangu nijitande, maana najua sasa naitwa. Nikasikia daftari likifunuliwa. Kurasa zikapinduka, mbili, tatu, zikasimama.

"Hapa," Mama akasema. "Bega kumi na tisa. Mkono ishirini na tano. Kiuno arobaini na mbili. Na hili juu ni nini?"

"Jina langu."

"Nani aliliandika?"

"Mimi."

"Na hii arobaini na mbili ya suruali hii?"

"Mimi."

"Basi nani amekupunja? Mimi au mkate wa mwokaji? Vua shati nikupime tena, na kalamu shika mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, cherehani ikagongwagongwa na tumbo, nikasikia futi ikinyooshwa na Mama akisoma kwa sauti, "Arobaini na nne na nusu, ole wako," na muuza mkaa akinung'unika huku akiandika. Kisha akaaga akaenda zake. Mama akaanza kukanyaga cherehani.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kanga mkononi, mguu mmoja chini. Hakuniita. Nililia kidogo, siwezi kuficha, maana mtu aliyezoea kuitwa, kutoitwa nako kunamgusa. Mtoto akaanza kulia naye, kwa njaa yake. Nikarudisha mguu kitandani, nikamnyonyesha mpaka akashiba.